Masta ya jioni, kazi mchana, familia na mwili unaogoma: panga kwa wiki mbaya

Semista ya kwanza nilichora ratiba nzuri kweli, yaani ya rangi kabisa, kijani kusoma, njano kazi, nyekundu familia, kila siku saa 3 usiku mpaka saa 6 nasoma, Jumamosi nzima nasoma, nikaibandika ukutani na picha nikawatumia watu. Iliishi wiki mbili na nusu. Wiki ya tatu mtoto akapata homa, ofisini tukawa tunafunga ripoti ya robo mwaka, na mimi mwenyewe nikaamka na kipandauso nikalala siku mbili kwenye chumba cha giza, kila nikifumbua jicho naiona ile ratiba pale ukutani inanicheka. Shida haikuwa uvivu. Ile ratiba nilimtengenezea mtu ambaye haumwi, hana mtoto na bosi wake hapigi simu saa 12 jioni, na mtu huyo mi simjui.

Kwahiyo humu kuna wazo moja tu: masomo yapange kwa wiki mbaya, wiki nzuri ikija ichukue kama bonasi. Hatua zenyewe ni hizi, zingine ndefu zingine fupi kwa sababu hazina mengi.

Hatua ya 1: piga hesabu ya saa kabla hujalipa ada

Watu wengi wanauliza masta ni miaka mingapi, we uliza ni saa ngapi. Vyuo vinaandika krediti, na krediti ni saa za kazi. Kwenye mfumo wa Ulaya wa ECTS mwaka mmoja wa kusoma muda wote ni krediti 60 na krediti moja inahesabiwa kati ya saa 25 na 30. Uingereza wanahesabu kivyao, masta ni krediti 180 na kila krediti ni saa 10, kwahiyo jumla saa 1,800, humo ndani mna lekcha, kusoma mwenyewe, asaimenti, mitihani na disatesheni, ile tasnifu ya mwisho, ambayo mara nyingi peke yake ni krediti 60 yaani saa 600. Ni makadirio, hakuna anayekusimamia na saa mkononi, ila yanakupa picha.

Sasa chukua hizo 1,800. Ukitaka kumaliza miaka miwili, toa wiki za likizo, misiba, sikukuu na kuumwa, ukibaki na wiki 90 za kusoma kweli ni saa 20 kwa wiki. Saa 20! Hiyo ni nusu ya ajira nyingine juu ya ajira uliyonayo. Ukienda miaka mitatu, wiki 135, inashuka mpaka saa 13 na kidogo. Kati ya 20 na 13 hapo ndo kuna usingizi wako, asikwambie mtu.

Kama maelezo ya kozi hayana saa, muulize mratibu "krediti moja hapa ni saa ngapi kwa jumla, sio za darasani tu?" Ni swali la kawaida. Na uliza ukomo pia, yaani tangu usajiliwe una miaka mingapi ya mwisho kabisa ya kumaliza, hiyo namba utaihitaji mbele huko.

Hatua ya 2: jipime wiki nne

Tembea na kidaftari wiki nne, kila ukipata muda ambao ungeweza kukaa ukasoma uandike, sio uliotamani kuupata, uliopata kweli. Mimi nilipata saa 14, 11, 3 na 12. Wastani ni 10, na mtu yeyote angepanga 10. Nilikata nikapanga 8, na ile wiki ya saa 3 nikaitafutia kazi zake zinazoienea, zipo, nitazitaja.

Saa 8 ukizigawa kwenye 1,800 zinaleta wiki 225, zaidi ya miaka minne, nikaogopa kweli. Ila wiki nzuri zilileta bonasi zake na mwisho nilimaliza kwa miaka mitatu na miezi mitano. Uamuzi mkubwa uliotoka kwenye kile kidaftari ni kuchukua moduli moja, yaani somo moja, kwa semista pale wenzangu walipochukua mbili. Wenzangu watatu walionicheka waliishia kurudia moja ya zile mbili, sisemi kwa furaha, nasema tu hesabu iko wapi.

Hatua ya 3: ongea na watu watatu ukiwa bado mzima

Wa nyumbani, wa kazini, wa chuoni. Ukisubiri mpaka umeshazama ndo uongee, unaongea huku machozi yanakutoka na unaomba huruma, wakati ungeongea mapema mngekuwa mnapanga tu.

Nyumbani usiseme "nitakuwa bize", bize haina mipaka. Taja siku na saa. Kwangu ilikwenda hivi:

"Baba watoto, kuanzia wiki ijayo Jumanne na Alhamisi saa 2 mpaka saa 4 usiku mi sipo."

"Haupo unaenda wapi?"

"Nipo humu humu chumbani, ila sipo. Mtoto akilia ni wako, shati likipotea ni lako."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi asubuhi saa 12 mpaka saa 4 sipo. Baada ya hapo nipo mpaka mnichoke."

Hizo ndo saa 8 zangu. Wiki ya kwanza aligonga mlango mara nne, wiki ya tatu mara moja. Kilichofanya makubaliano yadumu ni ile sehemu ya mwisho, maana na wao walipata kitu, Jumamosi mchana simu yangu ilikuwa inakaa juu ya kabati haishuki. Mtoto mdogo haelewi disatesheni ni nini ila anaelewa "mshale mfupi ukifika hapa mama anatoka", nilichora alama kwenye kioo cha saa ya ukutani kwa maka peni na ilifanya kazi kuliko maneno yote. Kama unalea peke yako au unauguza mzazi, hiyo "sipo" lazima uipate kwa mtu mwingine, ndugu, jirani, mwenzio wa darasani mnapokezana, na omba kitu kidogo chenye mwisho, saa mbili kila Alhamisi mpaka semista iishe. "Naomba uwe unanisaidia saidia" watu wanaikwepa, na mi naikwepa.

Kazini peleka tarehe. Kalenda ya semista ikitoka tu, toa siku za mitihani na za kuwasilisha kazi, zimfikie bosi kwa imeli, alafu ziweke kalenda moja na siku za pilika za ofisi. Mi hivyo ndivyo nilivyogundua miezi mitatu kabla kwamba mtihani wangu unaangukia wiki ya kufunga hesabu, nikabadilishana zamu na mwenzangu bila mtu kugombana na mtu. Sera ya likizo ya masomo isome mwenyewe kabla ya kuingia ofisi ya bosi, na kama mwajiri anakulipia ada soma masharti mpaka mstari wa mwisho, sehemu nyingi wanakulipia kwa makubaliano kwamba utabaki kazini muda fulani au urudishe hela. Sio mbaya, ila ujue unasaini nini.

Chuoni, zaidi ya supavaiza, kuna ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mi nilikuwa najua ni ya watu wa viti vya magurudumu, nikaipita kila siku mwaka mzima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unazungumzia pia matatizo ya muda mrefu ya mwili na ya akili yanayomzuia mtu kushiriki sawa na wengine, na ibara ya 24 inaitaja elimu ya juu kabisa, kwamba mtu awekewe marekebisho yanayomfaa. Kama una ugonjwa wa kudumu, sukari, selimundu, kifafa, sonona, kipandauso kama mimi, ingia uulize wanaweza kukufanyia nini. Mi nilipata muda wa ziada kwenye mtihani na kiti mbali na taa inayomulika. Vitu vidogo hivyo.

Hatua ya 4: gawa kazi kwa nguvu ya kichwa

Muda unaweza kuwepo na kichwa kisiwepo. Nilikuwa na karatasi moja yenye vikapu vitatu. Kichwa kizima: kuandika hoja, kuchambua data, kusoma pepa ngumu, yaani makala za utafiti. Kichwa nusu: kuipitia pepa mara ya kwanza, kutengeneza slaidi, kufanya maswali ya mitihani ya zamani. Kichwa kibovu: kusafisha marejeo, kupanga mafaili, kunyoosha majedwali, kusikiliza lekcha iliyorekodiwa umelala umefumba macho. Siku ya homa unaingia kikapu cha tatu na unahesabu kwamba umesoma, kwa sababu kazi za kikapu hicho zingekuja kukukaba usiku wa mwisho.

Mfano marejeo. Chukua Zotero, ni ya bure, ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason kule Marekani mwaka 2006, unaweka kitufe kwenye brauza, ukibofya pepa inaingia na mwandishi, mwaka na jarida, alafu unapoandika inakupangia orodha yenyewe. Ila majina yanaingia vibaya mara nyingine, herufi kubwa zote au mwaka hakuna, kuyanyoosha ndo kazi ya kichwa kibovu. Asaimenti mbili za mwanzo niliandika marejeo kwa mkono saa 8 usiku, sirudii.

Kitu kilichoniokoa kuliko vyote hakihitaji programu. Dakika tano za mwisho za kila kikao andika "anza hapa". Hii ni moja niliyoikuta kwenye daftari:

"Anza hapa Alhamisi: aya ya 3, nimesema sampuli ni ndogo ila sijasema kwa nini inatosha. Angalia ile pepa yenye kava la kijani, uk. 7. USIFUNGUE PEPA MPYA."

Maana ukipata saa mbili baada ya siku nne za pilika, dakika arobaini zinaisha unatafuta ulikuwa wapi, unasoma upya, unabadilisha fonti, unafungua pepa mpya kujifariji. Ukiwa na kile kikaratasi unaingia moja kwa moja.

Kusoma pepa nako, usisome mwanzo mpaka mwisho kama riwaya. Kwanza kichwa, ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo), vichwa vya habari na hitimisho, dakika kumi, na pepa nyingi zinaishia hapo hazirudi tena mezani. Zinazobaki soma mbinu na matokeo. Chache sana, labda mbili tatu kwa moduli, ndo zisome neno kwa neno. Ukimaliza funga, andika mistari mitano kutoka kichwani bila kuangalia. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijifanyia majaribio mwenyewe akayachapisha mwaka 1885, akaonyesha kwamba kusahau kunakwenda kasi sana saa za mwanzo alafu kunapunguza mwendo. Hiyo mistari mitano unaiandika ndani ya zile saa mbaya, kesho yake unaipitia dakika mbili kwenye foleni.

Watu watakwambia pia habari ya Pomodoro, dakika 25 kazi dakika 5 pumziko, aliianzisha Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, na saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Nzuri kwa kikapu cha pili na cha tatu. Nikiwa naandika kitu na kimeshika moto mi naizima, sitaki alamu inikatishe.

Hatua ya 5: mwili uingie kalenda wa kwanza

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo niliharibu. Semista ya tatu nilikuwa na strip za dawa za maumivu kwenye mkoba, kwenye droo ya ofisi na kwenye gari, kichwa kikianza tu nameza niendelee kusoma. Siku moja namwaga mkoba kitandani natafuta flashi, zikaanguka strip tupu, nikazihesabu, nikalinganisha na kalenda, siku 17 ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nimemeza kitu. Daktari akaniuliza swali moja, "kichwa kinauma zaidi au kidogo kuliko mwaka jana?" Zaidi. Kumbe mtu mwenye kipandauso akimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za kundi la triptani, dawa maalumu za kipandauso, siku 10 au zaidi, miezi ikapita mitatu, dawa zenyewe zinaweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa. Nilikuwa nanunua tatizo. Alinibadilishia matibabu na kuniambia niandike kila siku kichwa kilivyokuwa, nililala saa ngapi, nilimeza nini. Usijiachishe dawa wala kujibadilishia mwenyewe kwa kusoma hapa, nenda kliniki na hizo hesabu zako mkononi, daktari anapenda kalenda kuliko hadithi.

Ile daftari ilinionyesha kitu kingine, mashambulizi mengi yalikuja siku baada ya usiku niliokesha. Usingizi unaopanda na kushuka ni kichocheo cha kipandauso kinachojulikana, na hata usipokuwa nacho mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, tena ulichosoma kinajipanga kichwani wakati umelala, kwahiyo ukikesha unakata tawi ulilokalia. Ndo maana nikahama usiku wa manane nikaenda Jumamosi saa 12 asubuhi. Kahawa nayo, kafeini inachukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini, kwa wajawazito inachukua muda mrefu zaidi, ukinywa saa 10 jioni basi saa 3 usiku nusu yake bado imo.

Tarehe za kliniki ziingie kwenye kalenda kabla ya asaimenti, asaimenti ndo izizunguke. Watu wanaahirisha kliniki kwa sababu daktari hakati maksi. Na kama wiki mbili mfululizo karibu kila siku huna furaha na kitu chochote, hulali au unalala mno, huwezi kufungua hata imeli ya chuo, usiite uvivu, kamwone daktari.

Hatua ya 6: kuomba siku na kuahirisha

Ni vitu viwili tofauti. Kuomba siku za nyongeza ni kwa shida yenye mwisho unaoonekana, homa, upasuaji mdogo, mtoto kulazwa. Kuahirisha masomo ni kwa shida isiyo na tarehe. Mtu anayeomba nyongeza ya wiki moja mara sita anatakiwa kuahirisha, ila anaona aibu.

Nyongeza iombe kabla ya tarehe kufika, ikishapita inageuka rufaa na rufaa ni vita. Weka cheti cha daktari chenye tarehe. Imeli yangu ilikuwa hivi:

"Habari za kazi Dokta. Nimeugua tangu tarehe 3, cheti cha daktari nimeambatanisha. Sura ya pili nilitakiwa niilete tarehe 10. Nimefika kurasa 11, zimebaki sehemu mbili. Naomba niilete tarehe 24. Kama haitawezekana, naweza kukutumia hizi kurasa 11 tarehe 10 ukaanza kuzipitia wakati namalizia. Asante sana."

Hakuna historia ya maisha, kuna tarehe, kuna kazi iliyofanyika na kuna mlango wa pili. Alijibu mstari mmoja, "Sawa, tarehe 24, pole."

Kabla ya kusaini fomu ya kuahirisha uliza na ujibiwe kwa maandishi: muda nitakaokuwa nje unahesabika kwenye ukomo au saa inasimama? Ada niliyolipa inahamia mbele? Mkopo au ufadhili unasemaje? Kama unasoma nchi ya watu, viza inaathirika? Akaunti ya maktaba na imeli vitabaki wazi? Hilo la viza limewaumiza watu kweli.

Hatua ya 7: nakala

Fupi. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe nje ya nyumba, mtandaoni inatosha. Faili lipe tarehe, "sura2_machi14", usiandike "mwisho_mwisho_kabisa2". Mtoto wangu alimwagia laptopu maji na nilipoteza kazi ya siku moja tu.

Hatua ya 8: disatesheni

Saa 600 kwa mwendo wa saa 10 kwa wiki ni wiki 60, mwaka na zaidi, kwahiyo mada iwe ndogo mpaka uone aibu kidogo kuitaja. Kama unahoji watu au unatumia taarifa za wagonjwa au za ofisini, kibali cha maadili kiombe mapema, kinaweza kula wiki na wiki huku we umekaa, na data za kazini usiziguse bila ruhusa ya maandishi. Sura ya mbinu iandike kwanza, ndo rahisi kwa kichwa nusu kwa sababu unaeleza ulichofanya. Utangulizi mwishoni. Na kutana na supavaiza hata kama huna kipya, dakika kumi na tano, maana ukimkwepa mwezi mmoja wa pili unakuwa mgumu zaidi na wa tatu unaanza kubadilisha njia ukimuona.

Ukishawasilisha usirudishe saa zako zote siku hiyo hiyo. Masahihisho yanakuja, kwa wengi wetu yanakuja, na yana tarehe yake. Mi nilirudisha Jumanne peke yake, Alhamisi na Jumamosi nikazishikilia mpaka barua ya kwamba yamepokelewa. Baba watoto akauliza, "Kwahiyo Alhamisi bado haupo?" Nikamwambia bado.